Mwongozo kamili wa kumtambua samaki mbwamwitu: makazi yake, umbo lake na alama zisizodanganya

Wengi wanaokutana na samaki mbwamwitu kwa mara ya kwanza huanza na rangi, na hapo ndipo wanapopotea. Mmoja atakuwa na buluu iliyofifia, wa pili kahawia, wa tatu kijani cha mzeituni, kumbe wote ni spishi moja, Anarhichas lupus. Akishakufa, rangi hiyo hiyo hufifia na kukuacha na dhana tu. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: kwanza mahali alipopatikana, kisha mwili na mapezi, kisha kinywa, na rangi mwisho kabisa. Nimeupanga hivyo kwa sababu sura ya samaki huyu ni matokeo ya mahali anapoishi. Ukiyajua makazi, kila kiungo chake kinajieleza.

Kumtambua sawasawa kuna uzito wake. Katika Atlantiki ya Kaskazini kuna samaki mbwamwitu wa aina tatu, na sheria haziwatendei sawa. Nchini Kanada, wawili kati yao, mwenye madoa (Anarhichas minor) na wa kaskazini (Anarhichas denticulatus), wako tangu 2003 kwenye orodha ya spishi zilizo hatarini, na mvuvi akiwapata kwa bahati mbaya anatakiwa kuwarudisha baharini. Wa tatu, huyu wa kawaida (Anarhichas lupus), yuko kwenye ngazi ya chini zaidi, ya spishi zinazoangaliwa kwa makini. Kaskazini-mashariki mwa Marekani, kumbakiza huyu wa kawaida kumepigwa marufuku tangu 2010. Huko Iceland na Norwe yeye ni samaki wa kuliwa, wa siku zote. Samaki yuleyule, basi, ni kitoweo upande mmoja wa bahari na ni wa kuachiwa upande mwingine.

Andaa vitu vichache: tochi, futi ya kupimia, kamera, glovu nene, kijiti cha mbao kilichonyooka chenye urefu wa kama sentimita 15, na kipande cha mbao cha kumfungulia kinywa. Kijiti hicho kitafanya kazi kuliko vyote.

Hatua ya 1: Uliza ametoka wapi

Kabla hujamgusa, pata majibu ya maswali matatu: bahari gani, kina gani, na sakafu ya namna gani.

Bahari kwanza. Anarhichas lupus ni wa Atlantiki ya Kaskazini. Mashariki anaanzia Svalbard na Bahari Nyeupe, anashuka pwani ya Norwe, Bahari ya Kaskazini, hadi kuzunguka Uingereza na Ireland. Katikati yupo Iceland, Visiwa vya Faroe na kusini mwa Greenland. Magharibi yupo kuanzia Labrador na Newfoundland hadi Ghuba ya Maine na Cape Cod, na kusini zaidi ya hapo huonekana kwa nadra. Kama samaki wako ametoka Pasifiki, huyu siye. Huko wapo ndugu zake wawili nitakaowagusia baadaye.

Joto la maji linabana zaidi ya ramani. Makazi yake ni maji yasiyozidi sana nyuzijoto 10 za Selsiasi, na anamudu hata maji yaliyoshuka kidogo chini ya sifuri. Hilo si jambo dogo. Damu ya samaki wengi wa baharini huganda kwenye takriban nyuzi 0.7 hadi 0.9 chini ya sifuri, ilhali maji ya bahari yenyewe hayagandi mpaka yafike karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri. Maana yake samaki asiye na kinga anaweza kuganda ndani ya maji ambayo bado ni maji. Samaki mbwamwitu ana protini kwenye damu zinazoshika chembe za barafu zikiwa bado changa na kuzizuia zisikue. Ndiyo maana anaweza kubaki kwenye maji ya pwani ambayo samaki wengine huyakimbia baridi inapozidi.

Kina chake ni kuanzia mita chache, kwenye misitu ya mwani mkubwa, hadi zaidi ya mita 500. Kwa hiyo kina cha mita 40 au 200 hakikuambii mengi. Kina cha mita 1,000 kinakuambia mengi: hapo mfikirie yule wa kaskazini, ambaye ameshavuliwa hata chini ya mita 1,500.

Sakafu ndiyo dalili nzuri kuliko zote katika hatua hii. Samaki wetu anapenda miamba, mawe makubwa yaliyolaliana, nyufa na mapango madogo anayoweza kuingia na kubakiza kichwa nje. Akiwinda atatoka hadi kwenye changarawe na mchanga, lakini nyumba yake ni mawe. Ukiambiwa ametoka kwenye tope laini lisilo na jiwe hata moja, weka shaka na uendelee kwa uangalifu. Mwenye madoa hupenda zaidi sakafu ya mchanga na tope.

Jambo moja la kukumbuka hadi mwisho wa mwongozo: hana kibofu cha hewa. Samaki wanaoelea katikati ya maji hukihitaji ili wasizame. Huyu anataka kuzama. Anakaa chini kwa uzito wake mwenyewe, bila kuhangaika.

Hatua ya 2: Mwangalie mwili mzima kwa mbali

Rudi nyuma hatua mbili umtazame wote. Utaona kichwa kikubwa, kizito, chenye paji la mviringo na pua butu, macho madogo, na mdomo mpana uliojaa misuli ya taya pande zote mbili. Kutoka hapo mwili unapungua taratibu na kubanwa ubavuni hadi kwenye mkia mdogo. Sehemu pana kuliko zote ni kichwa na mabega.

Umbo hilo ni la samaki anayeishi kwenye ufa: anaingia kinyumenyume au anajikunja ndani, na kuacha mlangoni kile kinachouma. Hapigi mkia peke yake kama samaki wa mbio; anaogelea kwa kuupinda mwili wote kulia na kushoto, polepole.

Pima urefu kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa mkia. Anaweza kufika sentimita 150 na uzito wa kilo 20 na zaidi, ingawa wengi wanaovuliwa hawafiki mita moja. Wenzake wawili wanaweza kufika sentimita 180.

Mbonyeze ubavuni, nyuma ya kichwa. Nyama ya Anarhichas lupus ni imara na ngozi yake ni nene, ina utelezi, na magamba yake ni madogo mno, yamezama ndani ya ngozi kiasi kwamba huyaoni bila kuyatafuta. Ukibonyeza ukakuta nyama laini, yenye majimaji, inayobonyea na kutikisika chini ya ngozi iliyolegea, pengine umeshika yule wa kaskazini. Kati ya dalili zote za nje, hii ndiyo inayomfichua haraka, na wavuvi wazoefu humtambua kwa mkono kabla ya jicho.

Hatua ya 3: Hesabu mapezi, hasa yale yasiyokuwepo

Mgeuze tumbo juu. Tafuta mapezi ya tumboni, yale mawili ambayo samaki wengi wanayo chini ya mwili, nyuma kidogo ya koo. Hayapo. Hayajang'oka wala hayajajificha kwenye utelezi. Samaki mbwamwitu hana kabisa. Hii ndiyo alama ninayoitegemea kuliko zote, kwa sababu haibadiliki kwa umri, kwa msimu, kwa rangi ya sakafu wala kwa kufa.

Sasa angalia mapezi ya kifuani, nyuma tu ya matamvua. Hapo utakuta kinyume chake: makubwa, mapana, ya mviringo, na yenye nguvu. Anayatumia kujiegemeza kwenye mawe na kujisukuma anapotaka kugeuka sehemu finyu.

Pezi la mgongoni ni moja tu. Linaanza karibu juu ya matamvua na kwenda bila kukatika hadi kwenye shina la mkia, kimo chake kikiwa karibu kilekile njia nzima. Lina miale zaidi ya 65, yote ikipindika ukiipitishia kidole, wala haichomi. Chini, pezi la nyuma ya tundu la haja ni refu pia lakini linaanzia katikati ya mwili.

Mwisho, tazama mkia wenyewe. Ni mdogo, wa mviringo, na umetengana na mapezi hayo mawili marefu. Chukua kijiti chako ukipitishe kwenye mwanya kati ya mwisho wa pezi la mgongoni na mwanzo wa mkia. Ukipita, umeshawaondoa wengi wanaofanana naye.

Hatua ya 4: Fungua kinywa

Hapa sipunguzi neno: usiingize kidole, hata kama samaki anaonekana amekufa, hata kama amekaa nje ya maji muda mrefu. Taya hizi zimeumbwa kupasua magamba ya konokono na kaa, na zinaweza kufunga ghafla. Vaa glovu, mshike nyuma ya kichwa, mbanie kipande cha mbao upande mmoja wa mdomo kisha umulike kwa tochi.

Mbele utaona chonge nene, zilizopinda kidogo, takriban nne hadi sita kwenye kila taya, nyingine zikichomoza hata mdomo ukiwa umefungwa. Nyuma yake kuna meno madogo yaliyochongoka. Chonge hizi ndizo zinazobandua chakula kwenye mwamba. Ukiingia ndani zaidi unakutana na magego mapana yenye vichwa vya duara kwenye taya la chini na kwenye kaakaa, na hayo ndiyo yanayosaga. Chakula chake ni kome, konokono wa baharini, kaa, na wale viumbe wa duara wenye miiba mingi, nungunungu wa baharini. Mnyama asiyekimbia hujilinda kwa gamba, na kinywa hiki ni jibu la gamba.

Sasa kazi yenyewe ya kuwatenganisha. Kwenye kaakaa kuna safu tatu za meno zinazoelekea kooni: moja ya katikati, kwenye mfupa uitwao voma, na mbili za pembeni. Laza kijiti chako kukingama kaakaa pale safu za pembeni zinapoishia, kisha angalia safu ya katikati inaishia wapi.

Ikiwa safu ya katikati inapita kijiti na kuendelea nyuma kuelekea koo, huyo ni Anarhichas lupus.

Ikiwa inaishia karibu na kijiti, sambamba na za pembeni au ikizipita kwa kiasi kidogo mno, ni Anarhichas minor, mwenye madoa.

Ikiwa inaishia kabla ya kijiti, yaani za pembeni ndizo ndefu, ni Anarhichas denticulatus, wa kaskazini. Meno yake pia ni madogo na makali zaidi, wala hayana vichwa vipana vya kusaga, kwa sababu hula sana konyeza na viumbe wengine laini wa majini.

Piga picha ya kaakaa kijiti kikiwa mahali pake. Picha moja ya namna hiyo ni ushahidi bora kuliko picha kumi za ubavu.

Kuna tahadhari ya msimu. Samaki hawa hubadilisha meno kila mwaka. Wakati wa kuzaliana hukaa bila kula, meno ya zamani yaliyosagika huanguka, na mapya huota. Ukimpata kipindi hicho utakuta mapengo, meno mafupi, au ufizi ulio karibu mtupu, na tumbo halina kitu. Usihitimishe kwamba ni mgonjwa au ni spishi nyingine. Pima safu kwa kufuata mashina ya meno au mfupa wenyewe unakoishia, badala ya vichwa vya meno.

Hatua ya 5: Sasa tazama rangi

Kwa kuwa umeshajua unachokishika, rangi itakuja kuthibitisha. Anarhichas lupus ana mistari mipana ya giza inayoshuka ubavuni kutoka mgongoni, kwa kawaida 9 hadi 13, na mistari hiyo hupanda hadi kwenye pezi la mgongoni. Rangi ya chini yake inafuata mazingira: buluu ya kijivu, kahawia, kijani kilichokolea, hata zambarau. Tumbo ni jeupe lisilong'aa, na koo hufanana nalo. Kwa baadhi ya wakubwa mistari hufifia. Ikifika hapo mulika kwa tochi kutoka pembeni, au lowesha ngozi, nayo hurudi kuonekana.

Mwenye madoa hujieleza kwa jina: madoa meusi au ya kahawia nzito, yametawanyika mwilini na kwenye pezi la mgongoni juu ya rangi ya manjano-kahawia au kijivu. Wa kaskazini ana rangi moja nzito, kahawia au zambarau iliyokolea, pengine na mabaka hafifu yasiyo na kingo.

Rangi ikipingana na meno, fuata meno.

Wanaochanganywa naye

Samaki aitwaye mkunga ndiye anayetajwa kwanza, kwa sababu ya urefu wa mwili na ukali wa meno, naye pia hana mapezi ya tumboni. Lakini jamii za mkunga hazina ule mkia uliotengana: pezi la mgongoni, mkia na pezi la chini vimeungana kuwa ukanda mmoja, na wengi wao wa miambani hawana hata mapezi ya kifuani.

Anayesumbua zaidi Ghuba ya Maine ni Zoarces americanus, samaki mrefu wa sakafuni mwenye midomo minene. Mgeuze: ana mapezi mawili madogo sana chini ya koo, na pezi lake la chini limeungana na mkia. Samaki mwingine, Brosme brosme, anaishi kwenye mawe yaleyale pia, na ana pezi moja refu la mgongoni, ila ana sharubu moja kidevuni. Ukiona sharubu kidevuni, acha hapohapo. Samaki mbwamwitu hana.

Pasifiki kuna Anarhichas orientalis, wa Bahari ya Bering, Bahari ya Okhotsk na kaskazini mwa Japani, na kuna Anarrhichthys ocellatus wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Huyu wa pili ni mrefu mno, anaweza kuzidi mita mbili, mwili wake unaishia kwenye ncha nyembamba, na ana madoa yenye duara jeupe pembezoni.

Ukimtafuta akiwa hai

Kwa mzamiaji, tafuta mabaki kabla ya samaki. Rundo la vipande vya kome, miiba na magamba yaliyopasuliwa mbele ya ufa lina maana kuna mkazi. Mulika kwa pembeni, si moja kwa moja machoni, na ukae mbali kwa urefu wa mkono au zaidi. Kwa kawaida hatoki wala hashambulii, atakutazama. Huuma anaposhikwa au anapozibiwa njia.

Kipindi cha kuzaliana kinataka heshima ya pekee. Mara nyingi ni kuanzia Septemba kuelekea miezi ya baridi, ingawa hutofautiana kwa eneo. Utungisho hufanyika ndani ya mwili wa jike, jambo lisilo la kawaida kwa samaki wanaotaga. Mayai ni makubwa, kipenyo cha karibu milimita 6 kila moja, yameshikamana kuwa bonge moja kati ya mawe. Dume hujizungusha kulikumbatia bonge hilo na kulilinda kwa miezi, na kadiri maji yanavyokuwa baridi ndivyo muda unavyorefuka, na muda huo wote hali chakula. Ukimwona samaki aliyejikunja ndani ya pango na hataki kusogea, ondoka. Ukimfukuza, mayai yanabaki bila mlinzi. Kwa sababu hiyohiyo eneo la Látragrunn, magharibi mwa Iceland, ambalo hutagwa mayai kwa wingi, hufungwa kwa uvuvi msimu huo. Nyavu za kukokota sakafuni zinaharibu vyote viwili kwa pamoja, mawe yanayomficha na bonge la mayai, na kwa samaki anayekua polepole, anayeweza kuchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, hasara hiyo hairudi upesi.

Kumrudisha na kuweka kumbukumbu

Kama sheria ya eneo inataka aachiwe, uwezekano wa kupona ni mzuri. Kwa kuwa hana kibofu cha hewa, hapasuki ndani anapopandishwa kutoka kwenye kina, na akirudishwa huzama mwenyewe. Mweke kwenye kivuli, mwagie maji ya bahari, usimning'inize kwa matamvua, wala usimchome kwa fimbo ya ndoana. Kata uzi karibu na mdomo ikiwa ndoana imezama. Mteremshe majini badala ya kumrusha.

Katika kumbukumbu andika tarehe, mahali, kina, aina ya sakafu, joto la maji kama unalo, urefu, hali ya meno, na namba ya picha ya kaakaa. Kwenye nafasi ya spishi, jaza jina kamili pale tu safu za meno zinapokubaliana na alama za nje. Zisipokubaliana, au kama hukupata nafasi ya kufungua kinywa, andika "Anarhichas, spishi haijabainika" na uambatanishe picha. Mtafiti ataweza kuitumia rekodi hiyo, lakini jina lililokisiwa litamharibia hesabu nzima.